Tiba ya saikodinamiki kwa aliyepata kiwewe: nimweleze nini mteja kabla ya kikao cha kwanza?

Makorora_Ustawi aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa, shikamooni.

Nipo Tanga mjini, kwenye kazi za ustawi wa jamii. Tumepata mwanasaikolojia anayepokea watu wazima walioumizwa utotoni, waliopitia vipigo vya ndoa, ajali au misiba mizito, na tiba anayotoa ni ile ya saikodinamiki. Kazi yangu ni kumwandaa mtu kabla hajafika kwake, na hapo ndipo ninapokwama. Ushauri nasaha wa kawaida najua kuueleza. Hii ya saikodinamiki, kila nikiieleza mtu anaishia kuniuliza: "Kwa hiyo nikakae tu niongee, halafu?"

Sitazungumzia mteja yeyote hapa, nauliza kwa jumla. Naomba majibu ya vitendo: vikao vingapi, vya muda gani, mle chumbani hufanyika nini, mtu akizidiwa katikati afanyeje, na lini tuseme kwamba tiba hii haimfai. Wengi wanatoka Pongwe, Muheza, wengine Pangani, kwa hiyo nauli ni jambo la kuhesabu. Na wengi wapo tayari kwenye kisomo cha Kurani au dawa za hospitali. Je, waache?

Mwambao alijibu:

Marahaba. Hilo "halafu?" ndilo swali lenyewe. Lisipojibiwa mapema, mtu huacha mapema, akiamini amepotezewa muda.

Mweleze hivi. Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio baya, hakikai kwenye kumbukumbu peke yake. Kinakaa pia kwenye namna mtu anavyoishi na watu: nani anamwamini, nani anamkimbia, wapi anawaka hasira pasipo na jambo, wapi ananyamaza palipotakiwa neno. Aliyeumizwa na mtu aliyepaswa kumlinda hujitungia sheria za kuishi. Usiombe kitu. Usilie. Waridhishe wakubwa. Sauti ikipanda, toka mwilini mwako uwe kama haupo. Sheria hizo zilimwokoa wakati ule. Leo ana miaka 30, hatari imeshapita, lakini sheria bado zinatawala ndoa yake, kazi yake na usingizi wake, na yeye mwenyewe hazioni. Tiba hii inazitafuta sheria hizo, inazitaja wazi, kisha inampa nafasi ya kuishi bila hizo mbele ya mtu asiyemdhuru, wiki hadi wiki. Halafu ndiyo hiyo.

Sasa vitendo. Kikao ni dakika 45 hadi 50, siku ileile, saa ileile, chumba kilekile, mara moja kwa wiki, au mara mbili ikiwezekana. Tiba fupi huwa vikao 16 hadi 24, wengine hufika 40. Tiba ndefu watafiti huihesabu kuanzia mwaka mmoja au vikao 50. Aliyepata ajali moja ukubwani, na kabla ya hapo maisha yake yalikuwa yamekaa sawa, mara nyingi ile fupi humtosha. Aliyeumizwa miaka mingi akiwa mtoto asiahidiwe miezi mitatu.

Nauli: vikao 24 ni safari 48, vikao 40 ni safari 80. Zidisha kwa nauli ya Muheza au Pangani mbele yake, kwenye karatasi, kabla hajaanza. Tiba ikikatika kikao cha tisa kwa kukosa nauli, pale mtu ndio kwanza amefungua kifua, inamrudishia lile somo la zamani kwamba ukimtegemea mtu utaachwa njiani. Heri vikao 16 vilivyopangwa na kumalizwa vizuri kuliko 50 vya kubahatisha.

Vikao viwili hadi vinne vya mwanzo ni vya kufahamiana na kupima. Ataulizwa habari za usingizi, jinamizi, kushtukashtuka, pombe, mawazo ya kutaka kufa, dawa anazomeza, anaishi na nani, na kama aliyemdhuru bado anamfikia. Mwambie kwamba yeye naye ana haki ya kumpima mtaalamu. Amuulize: umesomea wapi, umewahi kutibu watu wenye kiwewe, nani anakusimamia kitaalamu, nikikosa kikao ninalipa, siri yangu inaishia wapi. Siri ina mipaka: hatari ya kujiua, hatari ya kumdhuru mtu mwingine, mtoto anayeendelea kuumizwa. Mipaka hiyo itajwe siku ya kwanza, isije ikatajwa kwa mara ya kwanza siku ambayo mtu ameshasema.

Baada ya hapo hakuna orodha ya maswali. Mtu anaanza na chochote kilichomjia: ndoto, ugomvi wa jana na wifi, tumbo linalosokota, hata "leo sina la kusema". Mtaalamu anasikiliza kinachojirudia na kinachorukwa. Mteja halazwi kwenye kochi. Kwa kiwewe, kukaa uso kwa uso ni bora zaidi, maana mtu akiona uso wa mwenzake ni vigumu zaidi kupotelea kwenye yale ya zamani.

Na lipo jambo moja ambalo mtu wa huku kwetu lazima alijue mapema, nalo ni kuhamisha hisia. Mteja humletea mtaalamu hisia alizokuwa nazo kwa mama, baba, mume au yule aliyemuumiza. Hutokea duniani kote, ila Kiswahili chetu kinaliharakisha. Mtu hajakaa, tayari amesema "shikamoo mama", naye amejibiwa "marahaba mwanangu". Kwa wengi ni adabu tu. Kwa aliyedhuriwa na mtu aliyempa shikamoo kila asubuhi, salamu hiyo peke yake imeshamrudisha kwenye ukumbi wa nyumba ile. Basi ataanza kumwogopa mtaalamu bila sababu. Au atamfurahisha kwa kusema "nimepona" wiki ya tano. Au atamkasirikia kwa kuchelewa dakika mbili. Hakuna kilichoharibika hapo, ndipo kazi ilipo. Anatakiwa ayaseme: "Wiki iliyopita ulipotazama saa, niliona umenichoka." Kwa aliyelelewa kwamba mkubwa haambiwi neno, sentensi hiyo inaweza kuchukua miezi kutoka. Mwandae. Mwambie wazi kwamba ndani ya chumba kile, kumwambia mkubwa "umeniudhi" hakumkoseshi radhi. Na mtaalamu mzuri atauliza tangu mwanzo mteja anapenda aitweje, na yeye amwiteje.

Mwisho kwa leo: kufukua hakuji kwanza. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alizipanga hatua tatu mwaka 1992, na wazo lenyewe lilikuwapo kwa Pierre Janet wa Ufaransa karne moja nyuma: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwenye maisha na watu. Hatua ya kwanza peke yake inaweza kula miezi. Mteja akilalamika kwamba "hatujaligusa lile jambo", mara nyingi mtaalamu anafanya sahihi.

Kusi_na_Kaskazi alijibu:

Naongezea kwa upande wa uuguzi wa afya ya akili, kwa sababu yanayoharibika huwa yanaishia kwetu.

Wiki za mwanzo baadhi ya watu huonekana kuzidi badala ya kupungua. Jinamizi linarudi, machozi yako karibu, hasira inawaka kwa watoto. Mwambie kabla. Lakini mwambie pia kipimo, maana "utaumia kwanza ndipo upone" ni neno la hatari likiachwa wazi. Usingizi kuvurugika usiku mmoja au miwili baada ya kikao kisha ukatulia, hilo linavumilika. Akikosa usingizi usiku kadhaa mfululizo, akianza kujikata au kujichoma, pombe ikiongezeka, akijikuta stendi hajui amefikaje, mtaalamu aambiwe wiki hiyohiyo na kasi ipunguzwe. Akiwa na mpango wa kufa, siku hiyohiyo ni hospitali, Bombo au iliyo karibu, asiachwe peke yake, na dawa za panya, dawa za shamba na vidonge viondolewe nyumbani.

Sababu kubwa ya mtu kuzidi ni kufukuliwa haraka. Mwili wake haujajifunza kurudi chini, na tayari ameulizwa habari za usiku ule. Anaganda: macho yanatazama sehemu moja, sauti inashuka, jibu linachelewa, viganja vinakuwa baridi. Hapo si wakati wa tafsiri wala "endelea". Mtaalamu amwite jina, amwambie tarehe na mahali, "leo Jumanne, tupo Chumbageni, mlango huu hapa", amwombe akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili na afungue macho. Zoezi la kufundishwa mapema, lifanyike mara nyingi siku za utulivu, ni hili: taja vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Kwa harufu, ganda la chungwa la Muheza linafaa sana, ni kali na linakaa mfukoni. Ila lichunguzwe kwanza. Kama aliyemdhuru alikuwa na shamba la michungwa, umempa kiberiti. Udi na marashi ndivyo hivyohivyo, msivichukulie kuwa vya kutuliza kwa kila mtu.

Pumzi: kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, tuseme hesabu 4 kuvuta na 6 kutoa, kwa dakika tatu. Wapo ambao kufumba macho na kusikiliza pumzi kunawazidishia hofu, hasa waliowahi kukabwa. Hao waanze na miguu na mikono.

Dakika 10 za mwisho wa kikao ni za kufunga, si za kufungua. Hapa panahitaji umakini kwa sababu mtu aliyezoea kuficha hulitoa jambo zito akiwa ameshika kitasa: "halafu mjomba naye alikuwa..." kisha anatoka. Mtaalamu mzuri atasema "umenikabidhi jambo kubwa mlangoni, tutaanza nalo Jumanne", na ataanza nalo kweli. Nawe mshauri mteja asipande bodaboda moja kwa moja. Akae robo saa, anywe maji, ndipo aondoke. Na siku ya kikao isiwe siku ya kikao cha ukoo au cha mahakama.

Kuna kosa lingine: kunyamaza kwa mtaalamu. Shule ya zamani ya saikodinamiki ilipenda mtaalamu asiyeonyesha hisia usoni. Mtu mwenye kiwewe huusoma uso ule kama uso wa wale waliojua wakanyamaza. Kwa watu hawa mtaalamu anatakiwa awe hai, ajibu, aseme "nimekusikia, haikuwa haki". Pia asimwambie kamwe "huenda ulidhuriwa ukasahau". Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na neno la mtu unayemwamini linaweza kuingia humo likakaa kama tukio. Kinachokuja chenyewe kinapokelewa. Kisichokuja kinaachwa.

Dawa: asiache. Setralini na fluoksetini huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na zikikatwa ghafla mtu anaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi na usingizi mbovu, kisha lawama inakwenda kwenye mazungumzo. Diazepamu ni habari nyingine. Inatuliza haraka, lakini inazoesha na haitibu kiwewe chenyewe. Anayeimeza kwa muda mrefu asiikate mwenyewe, apunguziwe na daktari. Mtaalamu ajue kila kidonge.

Kisomo: sioni sababu ya kumwambia mtu aache, wengi kinawapa utulivu na jamaa wa kukaa nao. Masharti yangu ni manne: asipigwe, asifungwe, asikatazwe dawa, asilazimishwe kumtaja aliyemdhuru mbele za watu. Wakati wa Ramadhani, kikao kihamie asubuhi mtu akiwa na nguvu, na ratiba ya dawa ipangwe na daktari kati ya futari na daku.

Njia_Panda_Segera alijibu:

Nawaheshimu wote wawili, ila naona mteja wa ndugu Makorora hatatendewa haki kama hataambiwa kuwa zipo tiba nyingine zenye ushahidi mzito zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013, kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa kiwewe, ulitaja tiba ya fikra na tabia inayolenga tukio lenyewe, na tiba ya kuchakata kumbukumbu kwa kusogeza macho. Saikodinamiki haikuwemo kwenye tiba zilizopendekezwa. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 nao uko upande huohuo, na vikao vyake kwa kawaida ni 8 hadi 12.

Chukua mtu aliyetoka kwenye ajali ya basi barabara ya Segera. Anaona taa za lori kila akifumba macho, hapandi gari tena, mengine yote yapo sawa. Huyo kumweka mwaka mzima akizungumzia mama yake ni kumchelewesha. Anahitaji mtu wa kumsogeza kwenye kile anachokikimbia, kwa ngazi ndogondogo, mpaka mwili ukubali kwamba hatari imekwisha. Kama mtaalamu yupo mmoja tu mjini, aulizwe kwa uwazi kama anaijua na hii.

Mwambao alijibu:

Nakubaliana nawe kuhusu mtu wa ajali, na ahsante kwa kulisema. Ushahidi wa saikodinamiki kwa ugonjwa wa kiwewe ni mchache, na mteja aambiwe hivyo.

Uchache huo hauna maana kwamba haupo. Uholanzi mwaka 1989 Brom na wenzake waliwalinganisha watu 112: tiba ya kuzoesha hofu taratibu, tiba ya kutumia usingizi wa kuelekezwa, na saikodinamiki fupi, dhidi ya waliokuwa kwenye foleni. Makundi yote matatu ya tiba yalipata nafuu kuliko waliosubiri. Hizo mbili za kwanza zilisaidia zaidi picha zinazovamia, na saikodinamiki ilisaidia zaidi kule kukwepakwepa. Hapo mtu anaona kwamba kila moja ina mlango wake.

Mlango wa saikodinamiki ni yule ambaye picha za tukio si shida yake kuu. Shida yake ni aibu isiyoondoka, kujilaumu, kuingia kwenye ndoa ya tatu yenye vipigo vilevile, kushindwa kukaa karibu na mtu. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imekitenga kiwewe changamano na kile cha kawaida kwa mambo hayohayo: hisia zisizotulia, kujiona si kitu, na mahusiano. Sándor Ferenczi wa Hungaria alilieleza tangu 1932, kwamba mtoto anayedhuriwa na mkubwa anayemtegemea huimeza hatia ya mkubwa yule na kuifanya yake. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 40 anasema "mimi ndiye niliyekuwa mchafu". Huwezi kumtoa hapo kwa kumwambia sio kweli. Amekwisha kuambiwa. Hatia ile hutoka polepole, akiionyesha mbele ya mtu na kuona mtu yule hakumkimbia.

Tahadhari moja kwa wataalamu wenzangu wanaosoma hapa. Mtu akirudi kwa mume wa aina ileile, kuna wanaomwambia "nafsi yako inataka kurudia". Kwa Kiswahili hilo linasikika "unapenda kupigwa". Msiliseme hivyo. Semeni: "mwili wako unakijua kitu hiki, usichokijua unakiogopa zaidi." Maana ni ileile, lakini moja inatibu na nyingine inaongeza kofi.

Makorora_Ustawi aliuliza tena:

Nawashukuru mno. Nimenakili kuhusu nauli, kufunga dakika 10, na maswali ya kumuuliza mtaalamu. Ya aliye kwenye hatari leo tunayo: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, simu 116 kwa mtoto, na aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Nimewaelewa kwamba tiba ya mazungumzo haichukui nafasi ya hayo.

Yamebaki mawili. Mji wetu ni mdogo. Mteja atakutana na mtaalamu sokoni, au harusini. Na nyumbani kuna mama au mume anayemsindikiza, ambaye mteja akitoka tu humuuliza: "Enhe, umesema nini?" Hapo tunawapoteza wengi. Na je, akishindwa kuja, kwa simu inawezekana?

Bi_Barabara_ya_Kumi alijibu:

Mwanangu, hilo la kuulizwa mlangoni ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo nitaanza nalo.

Anayesindikiza aitwe mara moja, kikao cha kwanza au cha pili, dakika 15, mteja akiwepo na akiwa ameridhia. Aambiwe mambo matatu. Tiba hii haina taarifa ya kila wiki. Mgonjwa akitoka na macho mekundu, apewe chai, asipewe maswali. Na akiona dalili zile za hatari zilizotajwa hapo juu, ampigie mtaalamu bila kumwogopa mgonjwa. Mtu akipewa kazi ya kufanya, udadisi unapungua. Wengi wanaouliza "umesema nini" wanaogopa kwamba nyumba inaanikwa, na sisi tumelelewa kwenye sitara. Usimbeze mama huyo. Mwambie: "Mama, humu ndani hakuna anayehukumiwa, na hakuna neno linalotoka." Kama yeye ndiye aliyejua zamani akanyamaza, usimpe nafasi ya kukaa ukumbini kusubiri. Atafutwe msindikizaji mwingine.

Mteja naye apewe jibu la kubeba, maana hapo mlangoni hatakuwa na nguvu ya kulitunga. La kawaida ni hili: "Nimeambiwa nikiyasimulia nje dawa inapungua nguvu." Ni kweli kwa namna yake, na wakubwa wanalielewa kwa sababu mambo ya miiko wanayajua.

Kukutana mjini: wakubaliane kikao cha kwanza. Kawaida ni mtaalamu kutomsalimia mpaka mteja aanze, na wakisalimiana iishie hapo. Huku kwetu kupita bila salamu ni dharau, kwa hiyo lisiposemwa mapema mteja ataumia, atasema "kumbe chumbani ananihurumia, harusini hanijui". Mtaalamu akigundua ni ndugu wa mke wa kaka yake mteja, jambo ambalo Tanga si ajabu, amhamishie kwa mwingine kabla mambo hayajafunguka. Na mtaalamu anayekopesha fedha, anayekaribisha nyumbani kwake, anayetuma ujumbe wa usiku usiohusu kazi au anayemshika mteja, huyo akimbiwe na ashitakiwe kwa waliomwajiri. Mtu aliyeumizwa zamani ndiye mwepesi kuvumilia hayo.

Wapo pia wanaokataa kwa sababu wakisikia "akili" wanaona Lutindi. Waeleze taratibu kwamba Lutindi kule Korogwe ni hospitali ya kulazwa kwa maradhi mazito ya akili, hii ni ya kwenda na kurudi nyumbani kupika.

Simu: inawezekana, hata kwa video, lakini fikiria nyumba zetu za Ngamiani. Vyumba vinatazamana ukumbini, dari ni moja, jirani akikohoa unamsikia. Asiyeweza kufunga mlango na kuvaa spika za masikioni asifanye kikao nyumbani, hasa kama anayemdhuru anaishi hapo. Aazime chumba, ofisi ya kata, zahanati, kwa shangazi. Wakubaliane mtandao ukikatika nani ampigie nani, ndani ya dakika ngapi, na neno moja la siri la kusema mtu akiingia ghafla chumbani, kwa mfano "bei ya unga imepanda", mtaalamu ajue abadilishe maongezi. Mtaalamu awe na namba ya mtu wa karibu na ajue mteja yupo mtaa gani siku hiyo, maana mtu akiganda kwenye simu huwezi kumwita sakafuni.

Na likizo. Mtaalamu akienda likizo ya wiki tatu bila kutaja mapema, unaweza kupoteza kazi ya miezi. Itangazwe wiki nne kabla, waizungumze, mteja ajue nani wa kumpigia. Mwisho wa tiba vilevile una tarehe. Kwa tiba ya vikao 24, kuanzia cha 18 au 19 wawe wanauzungumzia. Dalili zinaweza kurudi hapo kidogo, usingizi, wasiwasi, hamu ya kuacha kabla ya kuachwa. Usimsajili upya kana kwamba anaanza moja. Mpigie simu baada ya kikao cha 20, umuulize kama amepanga kufika cha 24, na kama nauli ya mara nne zilizobaki ipo.